Mbele ya kutia sahihi, tuulize goti



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ya kazi, vumbi ya mashimo, maji ya kunywa na chanjo ya watoto. Leo nitazungumza juu ya mupira. Musishangae. Mupira unachezwa kwa miguu, na miguu ile ni ya watu. Ikiumia siku ya Mungu, inaletwa kwetu kwenye dispensere kesho yake asubuhi, pamoja na vidole vilivyobanwa na macho yaliyoingiwa na vumbi. Kwa hiyo habari hii ni ya usalama na afya, hata kama ilianzia kiwanjani.

Munajua neno ninalotaka kusema. Tangu majuma machache, kwenye bomba la maji, sokoni, na ndani ya gari linalopeleka watu kazini, watu wanabishana juu ya jambo moja: ekipi ya kambi yetu imuchukue yule muchezaji, ao isimuchukue? Umri wake ni miaka 34. Goti lake la kuume limepasuliwa mara mbili. Tena alipata kufungiwa kwa sababu alimusukuma mwamuzi. Lakini zamani alikuwa mufunga mabao wa kweli, na hata leo akipita njiani watoto wanamufuata.

Jina lake sitaliandika. Munalijua, lakini mutu yule ana bibi na watoto, na kazi yangu imenifundisha kwamba ugonjwa wa mutu hautangazwi. Ninayosema hapa ni yale yanayojulikana na kila mutu anayekwenda kiwanjani. Kama kuna karatasi yake mahali fulani, itabaki ndani ya sanduku lake.

Kuna makundi mawili. Kundi la kwanza linasema: "Tumuchukue! Jina lake litajaza kiwanja, na mwaka huu hatutashuka." Kundi la pili linajibu: "Hapana! Amezeeka, amekwisha, tena ni mutu wa fujo." Mimi ninaona makundi yote mawili yanajibu mbele ya kuuliza. Mawazo yangu ni haya, na ninayasema mapema kusudi musiyatafute mpaka mwisho: anaweza kuchukuliwa, lakini goti lake litie sahihi kwanza. Goti likikataa, hata mukubwa wa komite asitie sahihi mahali pake.

UMRI SI UGONJWA

Tuanze na miaka, maana ndiyo inayosemwa sana. Miaka 34 si ugonjwa. Robert Kidiaba wa Mazembe alizaliwa mwaka 1976. Mwaka 2015, wakati ekipi ya taifa letu ilipopata nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika kule Guinea ya Ekweta, yeye ndiye aliyelinda mulango, na umri wake ulikuwa umefika miaka 39. Wako vijana wengi wa miaka 20 ambao hawakuweza kumuondoa mahali pale.

Mutasema: mulinda mulango hakimbii sana. Vema. Basi tumutazame Roger Milla wa Kameruni. Mwaka 1990 alikuwa ameisha kuaga ekipi ya taifa, akicheza kisiwa cha Réunion. Wakamuita tena, akaenda Kombe la Dunia kule Italia na miaka yake 38. Akafunga mabao 4, na Kameruni ikafika robo fainali, kitu ambacho hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa imekifanya mbele ya mwaka ule.

Lakini angalieni namna walivyomutumia. Milla hakuanza hata mechi moja. Kila mara aliingizwa nyuma, wakati wengine walikuwa wamechoka na yeye miguu yake bado mipya. Sisi watu wa dawa tunaelewa jambo hilo upesi. Kinini kwa kipimo chake kinashusha homa ya malaria. Kinini kupita kipimo kinavumisha masikio na kuharibu mwili. Muchezaji muzee ni sawa na dawa kali. Haifai kuuliza tu kama ni nzuri ao mbaya. Inafaa kuuliza: kiasi gani, na mara ngapi kwa juma?

Kitu ambacho umri unabadilisha kweli ni kupona. Kijana akicheza siku ya Mungu, nyuma ya siku mbili ao tatu ameisha kusahau. Mutu aliyepita miaka 30 anahitaji siku nyingi zaidi, na akilazimishwa kucheza mara mbili kwa juma, mwili wake unakuwa kama mashine isiyotiwa mafuta. Hilo si azabu, wala si haya. Ni desturi ya mwili.

NDANI YA GOTI KUNA NINI?

Ndani ya goti kuna kano. Ni zile kamba nyeupe, ngumu, ambazo mama wanazijua wanapopika muguu wa ng'ombe: nyama imeisha kuiva, kano bado inakataa. Kano ndizo zinazofunga mufupa kwa mufupa, na nyama kwa mufupa. Nyama ina damu nyingi, kwa hiyo ikichanika inapona upesi. Kano ina damu kidogo. Ikichanika, inapona polepole sana. Na nyingine zikikatika haziungani tena zenyewe, mpaka munganga apasue.

Hatari iko hapa: maumivu yanaondoka mbele ya kano kupata nguvu. Mutu anaamka asubuhi, hasikii tena kitu, anapiga goti lake na kiganja, anasema: "Nimepona." Hajapona. Ni kama ukuta wa udongo uliokauka inje; ndani bado ni matope. Ukiuegemea, unaanguka nawe.

Mufano unaojulikana dunia nzima ni ule wa Ronaldo wa Brazili. Mwezi wa 11 mwaka 1999, akiwa katika ekipi ya Inter kule Italia, kano iliyo chini ya kifuniko cha goti lake la kuume ilichanika. Wakamupasua. Miezi 5 hivi ikapita. Tarehe 12 Aprili 2000, kule Roma, katika fainali ya Kombe la Italia mbele ya Lazio, wakamuingiza. Hazikutimia dakika 10. Alitaka kumupita mutu, hakuna aliyemugusa, gafula goti likalegea na kano ikakatika kabisa. Watu wote waliokuwa wakitazama waliona namna alivyoanguka akilia.

Huyu hakuwa muzee. Alikuwa na miaka 23. Hakukosa feza, wala hakukosa waganga wakubwa wa Ulaya. Lakini kano haisomi jina lililoandikwa kwenye shati.

Safari ya pili walingoja. Ulipita zaidi ya mwaka mumoja mbele ya kurudi katika mechi za kweli. Na mwaka 2002, kule Korea na Japani, mutu yule akafunga mabao 8 katika Kombe la Dunia. Mabao mawili ya fainali mbele ya Ujerumani yalikuwa yake. Goti ni lile lile. Kilichobadilika ni nini? Muda, na mazoezi ya kila siku pasipo haraka.

SWALI LETU LILIULIZWA KULE SÃO PAULO

Tena kuna jambo linalotufaa zaidi, maana ni swali letu kabisa. Mwezi wa 2 mwaka 2008, Ronaldo akiwa AC Milan, kano ya goti lake la kushoto ikakatika vilevile. Sasa alikuwa amevuka miaka 30, amenenepa, na magazeti yalikuwa yakimusema vibaya juu ya maisha yake ya usiku. Ekipi ya Corinthians ya São Paulo ilikuwa imeshuka mwaka 2007 na kupanda tena mwaka 2008. Mwezi wa 12 mwaka ule wa 2008 ikamuchukua. Muzee, mugonjwa wa goti, mwenye maneno mengi nyuma yake: munaona kwamba si sisi wa kwanza.

Walifanya nini naye? Hawakumutupa kiwanjani kesho yake. Alifanya mazoezi, akaingia katika mechi mara ya kwanza mwezi wa 3 mwaka 2009. Hesabuni: tangu goti likatike ulikuwa umepita zaidi ya mwaka mumoja. Na mwaka ule Corinthians ikachukua kombe la jimbo la São Paulo, tena ikachukua Kombe la Brazili.

Lakini sikilizeni na mwisho wake, maana watu wanaopenda jina kubwa hawasimulii mwisho. Mwezi wa 2 mwaka 2011, Corinthians ikatolewa na Tolima ya Kolombia katika kombe la vilabu vya Amerika ya Kusini. Washangiliaji wakakasirika sana. Siku chache nyuma yake Ronaldo akaacha mupira, akieleza wazi kwamba mwili umemushinda. Basi, waliosema "atatufaa" walisema kweli, na waliosema "mwili wake umechoka" walisema kweli vilevile. Mutu anayemuchukua muchezaji wa namna hii amukopeshe kiwanja kwa muda mufupi, akijua kwamba siku ya kumaliza iko karibu. Asijenge nyumba nzima juu ya goti lile.

NAMNA YA KUULIZA GOTI

Komite yetu itauliza nani? Haifai kuuliza mwenye goti peke yake. Mutu anayetafuta kazi, ukimuuliza kama yuko muzima, atajibu ndiyo. Hata mimi ningejibu hivyo nikiwa na watoto nyumbani. Haifai kuuliza washangiliaji, maana wao wanakumbuka mabao ya zamani. Goti linaulizwa kwa kipimo, na kipimo si uchawi. Nitaeleza kusudi kila mutu ajue.

Kwanza, tunahesabu miezi. Kano kubwa ya ndani ya goti ikipasuliwa na kutengenezwa upya, waganga wa michezo wanashauri muchezaji asirudi katika mechi mbele ya miezi 9. Anayerudi mapema anajiweka katika hatari kubwa ya kuikata tena. Miezi 9: ni muda ule ule mama anaobeba mimba. Hakuna anayemuambia mama azae nyuma ya miezi 5 kwa sababu jamaa wanangoja.

Pili, tunatazama uvimbe. Goti linalofanya mazoezi muchana na kuvimba usiku, linasema hapana.

Tatu, tunapima paja. Tunachukua kamba ya fundi wa nguo, tunapima paja la kuume na la kushoto, mahali pamoja juu ya goti. Paja la upande uliopasuliwa likiwa jembamba, mulinzi wa goti bado ni zaifu.

Ine, tunamurusha kwa muguu mumoja. Anaruka mara tatu kwa muguu wa ugonjwa, kisha mara tatu kwa muguu muzima. Tukigawanya urefu wa muguu muzima katika sehemu 10, muguu wa ugonjwa lazima ufikie sehemu 9. Ukifikia sehemu 6 ao 7, arudi kwenye mazoezi.

Tano, tunasikiliza moyo na kupima damu inavyosukuma. Wengine wanacheka: "Goti na moyo ni ndugu gani?" Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka kiwanjani kule Lyon, tarehe 26 Juni 2003, katika mechi ya taifa lake mbele ya Kolombia, akafa. Alikuwa na miaka 28. Moyo wake ulikuwa na ugonjwa uliojificha. Na mutu anapopita miaka 35, mishipa inayolisha moyo inaanza kuziba kwa watu wengi, zaidi wale wanaovuta tumbako na wanaonenepa. Kipimo cha moyo lupitalo ni kazi ya nusu saa. Mazishi ni kazi ya siku tatu, na kilio kinabaki miaka.

Tena neno moja juu ya sindano. Ninasikia watu wakisema: "Apigwe sindano ya maumivu mbele ya mechi, acheze, tutaona nyuma." Ndugu, maumivu ni kengele. Kengele ya hatari ikilia kazini, ni nani mwenye akili anayeifunga kitambaa kusudi isisikike, halafu anaendelea kuchimba? Sindano ile haiponyi goti. Inaziba mudomo wa goti.

NA ZILE FUJO ZAKE?

Wengine wanasema: tuache goti, tabia yake ndiyo mbaya. Hilo pia linafaa kujibiwa.

Mwaka 2010 FIFA ilimufungia Trésor Mputu wa Mazembe mwaka mumoja, juu ya fujo aliyomufanyia mwamuzi katika mechi kule Kigali. Alikuwa nyota ya ekipi yake. Basi, pasipo yeye, Mazembe ikachukua kombe la mabingwa wa Afrika mwaka ule ule. Na mwezi wa 12 kule Abu Dhabi ikaifunga Pachuca ya Meksiko, ikaifunga Internacional ya Brazili, ikafika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Ilikuwa ekipi ya kwanza ya Afrika kufika pale. Na Mputu naye, azabu yake ilipokwisha, alirudi akacheza tena.

Ninaona mafundisho mawili. La kwanza: hakuna mutu mumoja ambaye ni ekipi. Wanaosema "pasipo huyu tumekufa" wanazarau vijana 20 wanaofanya mazoezi kila jioni. La pili: azabu ikiisha, imekwisha. Mufanyakazi aliyesimamishwa siku 3 akirudi, kapita hamukumbushi kila asubuhi. Yule wetu amemaliza azabu yake. Tusimupige mara ya pili kwa midomo. Lakini sheria iwe moja kwake na kwa mutoto wa miaka 18. Akigusa mwamuzi tena, mukataba umekwisha, hata kama amefunga mabao matatu siku ile.

Tena, mimi mutu wa dispensere ninaongeza neno. Mutu mwenye maumivu ya kila siku anakasirika upesi. Halali vizuri, anaogopa kila mutu anayemukaribia, mukono wake unaruka mbele ya akili. Hilo haliondoi kosa. Lakini tukimutuma kiwanjani na goti linalouma, kisha tukalia kwamba ana hasira, sisi pia tumewasha moto.

SABABU YA KWELI YA MANENO HAYA

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua zaidi ya ushindi.

Kila mwezi kwenye dispensere ninaona mufanyakazi aliyepewa siku 15 za kupumzika juu ya kifundo cha muguu ao mugongo. Siku ya 6 anarudi, anasimama mulangoni, anasema: "Andika kwamba nimepona." Anaogopa kukosa premi. Anaogopa wenzake watasema ni muvivu. Mwingine hafiki kabisa: anafunga kifundo kilichovimba na kitambaa, anavaa kiatu cha kazi juu yake, anajikaza asichecheme mbele ya kapita.

Ni nani amemufundisha hayo? Sehemu moja ni shida ya maisha, ninajua. Lakini sehemu nyingine tumeifundisha sisi wenyewe kiwanjani. Siku ya Mungu mutu anachechemea, tunapiga makofi, tunamuita simba. Anayeomba kutoka kwa sababu goti linauma, tunamuita mwanamuke, tukiwatukana mama zetu kwa neno hilo, na mama ndio wanaovumilia maumivu kupita sisi wote. Watoto wanasikia. Kesho yake kila mutu anataka kuwa simba.

Lakini shimoni hakuna mwamuzi wa kupiga filimbi, wala hakuna muchezaji wa akiba anayengoja kando. Goti likilegea kiwanjani, mutu anaanguka juu ya majani. Goti likilegea juu ya ngazi, ao mukono usio na nguvu ukiachilia chuma, mutu anaanguka juu ya mwenzake aliye chini. Kosa la mumoja linaingia ndani ya nyumba mbili.

Ndiyo maana ninasema kwamba sahihi ile ya komite si ya mupira tu. Kama ekipi yetu ikimuambia nyota: "Ndugu, tunakupenda, lakini kipimo kimesema ungoje miezi 3, na sisi tutangoja nawe", kijana anayesukuma gari la mawe ataelewa kwamba kungoja si haya. Na kama ekipi ikimusukuma kiwanjani na goti bovu kwa sababu ya kelele, kijana yule ataelewa hilo vilevile. Mabango yetu yote ya usalama, tuliyobandika kwenye milango, yatakuwa karatasi tu.

Mutanijibu: "Tukingoja, tutashuka divizio." Inawezekana. Lakini ekipi iliyoshuka inaweza kupanda mwaka unaofuata. Corinthians ilifanya hivyo. Goti lililoshuka mara ya tatu halipandi tena. Mwenye goti lile atalibeba kila asubuhi, akienda chooni, akipanda gari, akitaka kumuinua mujukuu.

Wengine watasema: "Ni mwili wake, afanye anavyotaka." Kama angekaa peke yake duniani, labda. Lakini mutu akivunjika, anayemuosha ni bibi yake. Anayeacha masomo kwa sababu feza ya shule imekwenda kwa dawa ni mutoto wake. Mama munaosoma hapa munajua kwamba ninasema kweli.

MASHARTI YANGU

Basi, komite ikinisikiliza, ifanye hivi:

1. Apimwe na munganga lupitalo, goti na moyo, na munganga yule asiwe mutu wa komite wala rafiki ya muchezaji. Jibu lake liheshimiwe, hata kama si tamu.

2. Akifaulu, apewe mukataba mufupi, wa musimu mumoja. Asiahidiwe dakika 90. Aingie dakika 20 ao 30 za mwisho, kama Milla, na asicheze mechi mbili katika juma moja.

3. Mukataba uandikwe kwenye karatasi: ni nani atalipa garama ya dawa akiumia, na atapata mushahara miezi mingapi akiwa kitandani. Kupeana mukono mbele ya chupa ya bia si mukataba.

4. Hakuna sindano ya kuficha maumivu. Akisema "ninaumia", atoke, na hakuna mutu wa kumuzomea.

5. Sheria ya nizamu iwe moja kwa wote.

6. Feza yake isitoke katika feza ya vijana. Kama kununua jina moja kunaacha watoto wakicheza na viatu vilivyopasuka, pasipo bandeji na pasipo sanduku la dawa kando ya kiwanja, basi bei ni kubwa mno, hata goti likiwa zima.

Na akishindwa kwenye kipimo? Asifukuzwe kama mbwa. Munajua wazee wa shimoni. Wengine hawana tena nguvu ya kuchimba, lakini wanagonga mwamba na chuma, wanasikiliza sauti yake, na wanajua mahali ambapo jiwe linataka kuanguka. Kijana mwenye nguvu hasikii sauti ile. Muchezaji huyu anajua mahali pa kusimama mbele ya mulango, anajua mupira utaanguka wapi. Apewe vijana wetu awafundishe jioni. Goti halihitajiki kwa kazi hiyo, ni macho na mudomo tu. Naye, akiwaona watoto wanaofuata mafundisho yake wakifunga mabao, hatakuwa mutu aliyekwisha.

Kwako wewe muchezaji, ndugu yangu, kama unasoma ukurasa huu: sisemi usichezwe na furaha ya mupira. Njoo upimwe. Usijifiche nyuma ya jina lako, maana jina halikimbii. Kama muguu wako uko tayari, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi siku ile utakapoingia. Kama hauko tayari, ujue kwamba watu wanaokuambia "ngoja" hawakuchukii.

Na ninyi washangiliaji, ekipi ni yenu, na sauti yenu ina nguvu kuliko karatasi ya munganga. Itumieni vizuri. Siku ya Mungu inayokuja, mukimuona muchezaji yeyote, muzee ao kijana, ameinua mukono akiomba kutoka, mumupigie makofi kama vile amefunga bao. Na mwenzako wa kazi akisema kwamba mugongo wake haujapona, umuambie: kaa, kazi itakungoja. Mwamba umengoja miaka mingi mbele ya sisi kuzaliwa. Unaweza kungoja juma mbili zaidi.